Kichwa Kwanza, Mguu Ufuate: Kocha Anajibu Maswali ya Wapigaji wa Kriketi

Barua za mwezi huu karibu zote zinaulizia mguu wa mbele. Wapo ambao mguu hauendi, wapo ambao unakwenda mno, na yupo mama ambaye binti yake anaurudisha nyuma kila mpira ukija. Kabla hujasoma majibu, ujue msimamo wangu, maana nitaurudia: mguu hauongozi. Kichwa ndicho kinachoongoza, bega linafuata, mguu unakuja wa tatu. Mwalimu anayepaza sauti "mguu! mguu!" pembeni ya uwanja ana nia njema, ila anamwonyesha mtoto kosa linapoonekana, halianzii pale.

Ninaandika nikimlenga anayepiga kwa mkono wa kulia, ambaye mguu wake wa mbele ni wa kushoto. Akimtazama mrushaji, upande wake wa kulia ndio ofu, na wa kushoto ndio legi. Wapigaji wa mashoto wageuze.

*Shikamoo Kocha. Nina miaka 16 na ndimi mfunguzi, anayeanza kupiga, wa timu ya shule yetu. Mechi tatu mfululizo nimetolewa mapema: mara mbili kwa LBW (mguu kuziba mpira uliokuwa ukielekea vijiti), mara moja mpira ulipita kati ya beti ya kupigia na pedi ya kukinga mguu, ukaangusha kijiti cha kati katika vile vitatu ninavyolinda. Mwalimu anasema nipeleke mguu mbele, na mimi naupeleka kila mpira. Nakosea wapi?*
*Mfunguzi, Upanga, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Umeandika kwamba unaupeleka "kila mpira", na hapo ndipo penye shida. Mguu unaokwenda kila mpira ni mguu unaoondoka kabla macho hayajajua mpira utadunda wapi. Umeshaamua. Mrushaji akitupa mfupi, unaodundia mbali nawe, unakuwa umenasa mbele na mpira unakujia kifuani. Akitupa wa kupinda kuingia ndani, mguu umeshaziba njia ya beti.

Tupige hesabu. Kutoka vijiti hadi vijiti ni mita 20.12. Mrushaji anauachia mpira karibu na krizi yake, mstari uliochorwa mbele ya vijiti, na wewe umesimama kwenye yako, kwa hiyo mpira unasafiri takriban mita 17 na nusu. Kijana wa shule anayerusha kilomita 110 kwa saa anakupa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Ni muda mchache, lakini unatosha kuona kwanza na kwenda baadaye, mradi kichwa kimetulia wakati mpira unatoka mkononi mwake. Kichwa kikiwa safarini wakati huo, macho hayapimi vizuri umbali.

Fanya jaribio hili hata kama uko sebuleni. Simama mkao wako wa kupiga bila beti. Usiufikirie mguu kabisa. Peleka kichwa na bega la kushoto kuelekea pale ambapo mpira ungedundia, pole pole, uzidi kuinama. Itafika mahali huna budi kukanyaga, la sivyo utaanguka. Hatua uliyoikanyaga ndiyo hatua yako: si ndefu mno, si fupi, goti limejikunja lenyewe, kisigino cha nyuma kimenyanyuka chenyewe. Hivi vitu vinne watu huwafundisha watoto kimoja kimoja kwa miezi, na vyote vinakuja pamoja kichwa kikitangulia.

Sasa tuangalie unakokanyaga. Wafunguzi wengi wa umri wako hukanyaga kwa kukatisha kuelekea ofu badala ya kwenda kumlaki mrushaji. Mguu ukitua mbele ya kijiti cha kati au cha ofu, beti haiwezi kushuka wima kama ndoo inavyoshuka kisimani. Lazima izunguke pedi. Mpira ukiingia ndani unaikuta pedi imefika na beti iko njiani, na mwamuzi ananyoosha kidole. Chukua chaki, uchore mstari kutoka kijiti cha kati kwenda kwa mrushaji, mita mbili zinatosha. Kwa mpira ulionyooka, kiatu chako kitue kando ya mstari huo, upande wa legi, ili beti ipate nafasi ya kupita juu ya mstari wenyewe. Kwa mpira wa kijiti cha ofu, kisogee kwa kiasi hicho hicho. Siku zote kiatu kiwe pembeni kidogo ya njia ya mpira, kisikae juu yake. Vidole vielekee baina ya kava na midi-ofu, yaani mbele kwa mshazari upande wa ofu. Vikielekea pointi, ubavuni kabisa upande huo, nyonga inajifunga na beti inashindwa kupita.

Ule mpira uliopenya kati ya beti na pedi una chanzo kile kile, ingawa unaonekana kinyume. Siku hiyo mguu ulikwenda, kichwa kikabaki nyuma, mikono ikaufuata mpira peke yake mbali na mwili. Mlango ukafunguka. Kichwa kikienda kwenye njia ya mpira, beti na pedi hufika pamoja, na mlango hauwepo.

Kuhusu LBW, vijana wengi wanaiogopa bila kuijua. Mpira uliodundia nje ya kijiti cha legi hauwezi kukutoa kwa LBW hata ungekuwa unaelekea kijiti cha kati. Mpira uliogusa beti kwanza haukutoi. Ukigongwa pedi nje ya mstari wa kijiti cha ofu huku ukijaribu kwa dhati kuupiga, hutoki. Lakini ukiacha kuupiga, ukainua beti na kusukuma pedi tu, unaweza kutolewa hata hapo nje. Kwa hiyo ukienda mbele, enda na beti.

Mazoezi yako: rafiki asimame mita nane mbele yako, akurushie mpira wa tenisi kwa mkono wa chini, mmoja ukidundia karibu nawe, mwingine mfupi, bila mpangilio. Mfupi, rudi nyuma. Wa karibu, kichwa kiende. Baada ya kila shoti uliyoipiga mbele, ganda hivyo hivyo ulivyo. Ukiweza kusimama umeganda bila kuyumba, kichwa kiko juu ya goti, ulikwenda sawa. Ukiyumba kuelekea ofu, kichwa kilipitiliza. Ukiangukia nyuma, hakikwenda. Huhitaji kocha wa kukuambia, mwili wako mwenyewe utakujulisha.

*Habari Kocha. Nacheza ligi hapa Nairobi, napiga nambari nne. Kava drivu, ile ya kuupeleka mpira mbele kwa mshazari upande wa ofu, ndiyo shoti inayojulikana kuwa yangu, lakini msimu huu nadakwa nyuma yangu na kipa au slipu, mdakaji wa kando yake, kila mara. Wenzangu wananiambia niiache kabisa. Wewe unaonaje?*
*Mpigaji wa Parklands*

Nzuri, ndugu yangu. Wenzako hawajakosea sana, ingawa mimi sisemi uiache daima.

Januari 2004, pale Sydney, Sachin Tendulkar, mpigaji wa India, aliingia akiwa ametolewa mara kadhaa kwenye ziara ile kwa mipira ya nje ya ofu. Akaamua kava drivu hatacheza. Alikabili mipira 436, akafikisha mikimbio (alama) 241 bila kutolewa, na India ikafunga innings, zamu yake ya kupiga, kwa 705 kwa wiketi 7, yaani wapigaji saba wametolewa. Mtu aliyeijua shoti ile kuliko karibu wote wa zama zake aliiweka kando kwa sababu ilikuwa inamuua. Mimi huwasimulia wapigaji wangu kisa hiki kila msimu, kwa kuwa kuacha mpira nayo ni kazi ya mguu wa mbele: unakwenda, unaona, beti unaipitisha juu.

Mfano wa pili ni Virat Kohli, naye wa India. Uingereza mwaka 2014, katika mechi tano za Test (zile ndefu za siku tano), alipata mikimbio 134 kwa innings 10. James Anderson, mrushaji wa Uingereza, alimtoa mara nne, na kwa jumla alikuwa akifuata mipira ya nje ya ofu. Baadaye alirekebisha jinsi nyonga zake zilivyokaa, akazungumza na Tendulkar kuhusu kwenda mbele kwa uamuzi kamili hata dhidi ya warushaji wa kasi, na akawa anasimama mbele ya krizi ili aukute mpira kabla haujapinda sana. Aliporudi Uingereza mwaka 2018 alipata mikimbio 593, na Anderson hakumtoa hata mara moja. Mipira ya nje ya ofu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mwili ulikuwa unafika ulipo mpira.

Kwa hiyo jiulize hivi unapodakwa: mguu wako ulitua wapi? Mwombe mtu akurekodi kwa simu kutoka nyuma ya neti ya mazoezi, kimo cha kiuno. Ninadhani utaona kiatu kimetua mbali na mpira na mikono imenyooka kuufikia. Hiyo ni drivu ya mikono mitupu, na mpira ukipinda upana wa vidole viwili tu unapata ukingo wa beti. Mpira unaofaa kupigwa drivu ni ule ambao kichwa chako kinaweza kufika juu yake. Usiofikika kwa kichwa, uache upite kwa kipa.

Tazama pia mkono wako wa chini. Unapopiga kwa hamu, mkono wa chini hukaza na kuizungusha sura ya beti, upande wake bapa, kabla ya wakati. Kwenye neti piga mipira michache ukishika kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu kwa mkono ule wa chini, mkono wa juu ndio ubebe kazi. Utahisi kiwiko cha kushoto kikinyanyuka chenyewe. Na uuchelewe mpira. Uupige chini ya macho, usiende kuukutania mbele ya goti. Wapigaji wanaopendeza kuwatazama, mfano Kane Williamson wa New Zealand, wana sifa hiyo moja iliyo wazi kuliko zote: mpira huwafikia kabisa ndipo beti iuguse.

Mipira 20 ya mwanzo usipige kava drivu. Ukishazoea mdundo wa uwanja, irudishe.

*Kocha, mimi huazima pedi za klabu. Nikipiga hatua ya mbele nahisi nimefungwa. Ni mazoezi au ni pedi?*
*Msomaji, Tanga*

Ni pedi. Kikombe cha goti kwenye pedi kikae juu ya goti lako hasa. Kikipanda kupita goti, sehemu ya paja inakugonga unapoinama na goti linakataa kujikunja, basi unasimama wima na kuupiga mpira hewani. Nimewaona vijana wakisahihishwa mkao mwaka mzima kumbe wamevaa pedi za watu wazima. Kaza mkanda wa chini, ulegeze kidogo wa juu, na klabu ikiwa na jozi ya vijana uiombe hiyo. Beti nayo ipime: inyanyue mbele yako kwa mkono wa juu peke yake, mkono umenyooka, utulie hivyo kidogo. Ikianza kutetemeka na kushuka, ni nzito kwako.

*Shikamoo Kocha. Binti yangu ana miaka 13, alianza kriketi baada ya kuwaona dada zake wa timu ya taifa kwenye televisheni. Alipigwa na mpira wa ngozi kwenye vidole, na tangu hapo mguu wake wa mbele unakwenda pembeni, kuelekea legi, mpira ukiwa bado uko njiani. Anapenda mchezo na hataki kuacha. Nimsaidieje nami sijawahi kucheza?*
*Mama wa mchezaji, Kigali*

Marahaba, mama. Barua yako imenigusa, kwa sababu umeona kwa jicho lako kitu ambacho makocha wengine hawakioni: mguu unaokimbilia legi si uvivu wala ukaidi. Ni woga, na woga ule una haki yake. Mpira wa wanaume una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, wa wanawake gramu 140 hadi 151, na hata huo mwepesi ukigonga kidole unauma kwelikweli. Asiambiwe "usiogope". Apewe sababu ya kutoogopa.

Kwanza vifaa. Glavu zinazomtosha, maana zikiwa kubwa vidole huteleza ndani na kukaa mahali pasipo na kinga. Helmeti yenye kizuizi cha uso, isiyocheza kichwani. Kisha mpira wa ngozi uwekwe kando kwa muda. Nunueni mipira ya tenisi, na kazi ya kwanza haihusu beti: umrushie naye aushike kwa mikono miwili, akisogeza kichwa nyuma ya mpira kila mara. Hili unaliweza wewe mwenyewe uani, bila kujua kriketi. Mtoto anayeushika mpira kwa mikono huku kichwa kimetulia nyuma yake amekwisha jifunza nusu ya kupiga kwa mguu wa mbele.

Halafu apewe beti, mpira bado wa tenisi, na nyuma ya kisigino chake cha mguu wa mbele, upande wa legi, weka kitu laini kama mto au begi la shule. Kikiguswa, mguu umekimbia. Usimkemee, mwache aone mwenyewe. Mpira wa ngozi urudi kidogo kidogo, kwanza ukirushwa kwa mkono wa chini na mtu anayemwamini.

Mwambie pia jambo moja ambalo watoto hawaambiwi. Anayekwenda mbele vizuri kwa mpira unaodundia karibu naye yuko salama kuliko anayekimbia pembeni, kwa kuwa anaukuta mpira kabla haujapanda wala kupinda sana, na beti iko mbele ya mwili. Anayesogea pembeni anaacha mikono yake peke yake barabarani, na ndivyo vidole vinavyopigwa.

Na kama alianza kwa kuwatazama dada zake, mkumbushe Januari 2023 kule Afrika Kusini, Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 19, Rwanda ilipoifunga Zimbabwe na baadaye West Indies. Wale wasichana nao walikuwa wa miaka 13 siku moja, na mpira ulikuwa unawauma vile vile.

*Kocha, sisi huku tunacheza kwenye mkeka uliotandikwa juu ya zege. Nina mikimbio mingi huku. Tukishuka Dar kucheza kwenye nyasi natolewa kwa mikimbio mitano, kwa minane, nimedakwa midi-ofu au nimegongwa pedi chini ya goti. Nimekuwa mpigaji mbaya njiani kwenye basi?*
*Nahodha wa timu ndogo, Arusha*

Hapana, nahodha. Umefika kwenye mchezo mwingine. Suala hili nalipenda, nami nitakaa nalo, maana nusu ya wachezaji wa Afrika Mashariki tumelelewa juu ya mkeka na ndio uliotupa mkono tulio nao.

Mkeka juu ya zege hudundisha mpira juu na sawasawa. Mpira wa urefu wa kawaida unafika kiunoni, wakati mwingine kifuani. Mtoto aliyekulia hapo hujifunza kubaki nyuma na kungoja mpira upande, kisha kuukata au kuuvuta. Anapokwenda mbele, huupiga ukiwa bado unapanda, akiwa amesimama karibu wima, na inamlipa kwa kuwa mdundo haumdanganyi. Miaka kumi ya hivyo, goti linasahau kujikunja.

Kwenye nyasi mambo mawili yanabadilika. La kwanza ni kimo: mpira ule ule uliofika kiunoni sasa unafika gotini au chini yake, kwa hiyo ukingoja nyuma unakukuta pedi, mbele ya vijiti. Ndizo LBW zako. La pili ni mwendo. Baada ya masika, au asubuhi uwanja ukiwa na unyevu, mpira hushikwa kidogo na ardhi kabla ya kuja. Beti yako imeshapita kwa mwendo wa mkeka, mpira unafika nyuma ya wakati, unagonga sehemu ya chini ya beti na kupaa polepole mikononi mwa midi-ofu. Huko ndiko kudakwa kwako.

Dawa usiisubiri hadi mje Dar. Mnaweza kuizoea huko huko Arusha. Legezeni mkeka kidogo msimu wa mazoezi, msiukaze kwa misumari kama siku ya mechi, mdundo utapungua. Ikishindikana, tumieni mipira iliyochakaa kabisa, ile iliyolainika ambayo mlitaka kuitupa, na mrushaji alenge kudundia karibu. Kila shoti ya mbele goti la kushoto likunjwe mpaka unapotazama chini usiione ncha ya kiatu, imefunikwa na goti. Mkimaliza, mpige seti moja mkiwa mmepiga goti la nyuma chini, mguu wa mbele umekunjwa, mpira unarushwa taratibu kwa mkono wa chini. Mapaja yatauma, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ni kimo hicho hicho mtakachohitaji kwenye nyasi.

Mkishafika Dar, fika uwanjani mapema na uliangalie eneo la kudundia mpira kwa macho na kwa kidole gumba. Kidole kikiacha alama, siku hiyo drivu ni kwa mpira unaodundia miguuni mwako tu. Mingine yote kinga kwa mikono laini, beti wima, karibu na pedi, uchukue mkimbio mmoja. Wapigaji wa mkeka wanapenda nne, mpira wa kufika mpakani. Kwenye nyasi zenye unyevu asubuhi, moja moja ndizo zinazokufikisha saa tano ukiwa bado umesimama, jua limekausha uwanja, na hapo mkono wako wa mkeka utakuwa na kazi.

*Kocha, as-salaam alaykum. Spina, warushaji wa mipira ya kuzunguka, wananinyanyasa. Warushaji wa kasi sina shida nao, lakini spina akianza mguu wangu unakwenda nusu kisha unasita.*
*Nambari tano, Mombasa*

Wa alaykumu s-salaam. Hiyo nusu ndiyo inayokutoa. Kwa spina, ama mguu uende mpaka mpira ulipodundia, uupige kabla haujageuka, ama urudi nyuma kabisa uupe nafasi ya kugeuka na kuuona wote. Katikati ya hapo mpira umeshageuka na wewe hujaufikia. Wakubwa nao hunaswa hapo. Februari 2003 pale Nairobi Gymkhana, wapigaji wa Sri Lanka, watu waliolelewa na spini tangu utotoni, waliwinda mikimbio 210 ya Kenya, na Collins Obuya wa Kenya kwa legi-spini yake, mipira ya kuzungusha, akachukua wiketi tano kwa mikimbio 24. Waliishia 157.

Tazama mkono wake, usitazame uwanja. Mpira ulioachiwa juu ya mstari wa macho yako utakaa hewani na kudundia karibu, huo unaufuata. Uliotoka bapa na haraka utadundia mfupi, huo rudi. Ukitoka krizi kumfuata, nenda kwa hatua ndogo ndogo, kichwa kikibaki kwenye kimo kimoja. Kichwa kinachopanda na kushuka hakipimi kitu. Na ukishaamua kutoka, fika. Anayetoka na kusita katikati anamrahisishia kipa kazi ya kuangusha vijiti.

*Kocha, naandika kutoka Muscat. Kazi yangu ni ya zamu, sipati neti wala mwenzangu wa kunirushia. Naweza kujinoa peke yangu juu ya dari la nyumba?*
*Mswahili wa Muscat*

Unaweza, ndugu yangu, na huna haja ya kuona haya. Don Bradman, ambaye wastani wake wa Test ni 99.94, alikulia Bowral huko Australia akipiga mpira wa gofu kwa kijiti cha wiketi. Aliurusha ukutani chini ya tangi la maji, ukarudi kwa kasi na kwa pembe asiyoijua, akaupiga tena. Hakukuwa na mtu wa kumrushia. Macho na miguu vilijifunza vyenyewe.

Wewe tumia soksi. Tia mpira wa tenisi ndani, ufunge kwa kamba juu ya bomba au mlingoti wa kuanikia nguo, uning'inie kimo cha goti, mbele kidogo ya mahali unaposimama. Usubiri uyumbe uje kwako, kichwa kiende, bega, mguu, ndipo beti, na mpira uguswe chini ya macho. Ukienda pembeni au kuzunguka, beti ilikuja imelala. Ukirudi ulikotoka kwa mstari ulionyooka, sura ya beti ilikuwa kamili. Piga seti moja kwa mikono yote, seti ya pili kwa mkono wa juu peke yake, beti ukiishika sehemu ya chini ya mpini ili iwe nyepesi.

Halafu weka soksi kando na ucheze hewani mbele ya kioo au dirisha usiku taa ikiwaka ndani. Mshale wa macho uwe kwenye kichwa chako, usiufuate mguu. Kwa kuwa una zamu, dakika kumi kabla ya kuoga zinatosha, na ufanye ukiwa umevaa pedi walau mara moja kwa wiki, ili mwili usishangae siku ukipata mechi. Huko Oman kuna uwanja wa nyasi wa Al Amerat ulioandaa mechi za Kombe la Dunia la T20 (mechi fupi) mwaka 2021, na jamaa wengi wanacheza Ijumaa kwenye viwanja vya kawaida vya mjini. Nenda Ijumaa moja ukaulize kama wanahitaji mtu wa kukamilisha kumi na moja.